Ndugu wa Nani? Miaka Yangu ya Kufundisha Mwanzo wa Ukristo

Nilikabidhi funguo za kabati la Divinity, somo letu la Biblia, mwezi uliopita, na tangu siku hiyo ninyi vijana wa idara hamjaniacha nikapumua. Kila baada ya siku mbili simu: Madam, chati ya Injili iko wapi? Madam, yale maswali ya Paulo uliyaandika kwenye daftari gani? Nimeona nikae hapa kwangu Matogoro niandike yote mara moja, mnakili, mniache nipalilie mahindi. Habari za vyeo hamtazikuta humu kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua kwa kuwa ni huo huo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika namna nilivyofundisha mada moja ngumu, ile ya Yesu wa historia na dini iliyoanza kwa jina lake. Tena nitaandika habari ya Gaudensia, maana nasikia inasimuliwa ofisini vipande vipande, na kila msimulizi ana kipande chake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Namasakata, kule Tunduru, kwenye mikorosho. Mimi binti wa Kingoni, nimelelewa na masista, rozari shingoni, nafika shule ambayo karibu darasa zima ni watoto wa Kiislamu. Nilipangiwa Historia, kidato cha kwanza, na mada ya kwanza ilikuwa vyanzo vya historia: tunajuaje mambo ya zamani? Andalio la somo nilikuwa nimeliandika kwa rangi mbili. Nikatafuta mfano ambao kila mtu anaufahamu, nikasema: "Kwa mfano, Yesu alisulubiwa wakati wa Pilato. Tunajua kwa sababu imeandikwa."

Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono kwa adabu sana. "Mwalimu, kwetu sisi Nabii Isa hakusulubiwa. Na kwetu nako imeandikwa."

Nikamwambia, "Kaa chini." Hilo ndilo jibu langu la kwanza la kitaalamu katika utumishi wa umma.

Nilipofika ofisi ya walimu, habari ilikuwa imeshanitangulia. Mwalimu Ausi, Myao, mtu mzima aliyekuwa akifundisha Historia asubuhi na madrasa jioni, alikuwa anachonga kalamu kwa wembe.

"Mwalimu Skola, nasikia umeshamkalisha mtu chini."

"Shikamoo, Mwalimu. Aliniletea swali la dini kwenye kipindi cha Historia."

"Marahaba. Hakukuletea swali la dini, binti yangu. Amekuuliza imeandikwa na nani." Akaipuliza kalamu. "Sisi madrasa, mtu akija na neno la Mtume, hatulipokei hivi hivi. Tunamuuliza umelipata kwa nani, na huyo alilipata kwa nani, mpaka tufike kwa aliyelisikia kwa masikio yake. Nani kamwambia nani. Pakikatika, unasema hapa pamekatika, wala huoni haya. Sasa wewe wa kwenu una mnyororo?"

"Tuna Injili."

"Injili nimesikia. Nani kamwambia nani?"

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilijiona nimedharauliwa. Wiki nzima nilishinda na Biblia na daftari nikitafuta mnyororo, ili nikamwoneshe. Nilichokikuta ni kwamba sikuwa nimewahi kuisoma Biblia kama mtu anayetafuta kitu. Nilikuwa nimeisikiliza tu. Nikagundua kwamba barua za Paulo ziliandikwa kabla ya Injili, ingawa zimepangwa nyuma. Nikagundua kwamba Marko, Mathayo na Luka wanafanana maneno mahali pengi mno, kama wanafunzi walioketi dawati moja siku ya mtihani, halafu ghafla kila mmoja anakwenda kivyake. Nilirudi kwa Mwalimu Ausi nikamwambia mnyororo wa kwetu una pete zilizokatika, ila pete zenyewe ni nzito. Akacheka, akasema, "Ehee! Sasa kafundishe." Tangu hapo kila darasa nimelifungua kwa swali lake, na kila mwanafunzi wangu, Mkristo au Mwislamu, amejibu kwanza kwamba anachokijua amekipata kwa nani. Ukianza hivyo watu hawagombani sana. Mungu amrehemu mzee yule.

Miaka minane baadaye nikahamishiwa hapa Songea, kidato cha tano na sita, nikakabidhiwa Divinity kwa sababu aliyekuwepo alikuwa amestaafu na mwingine hakuwepo. Chati mnayoitafuta iko juu ya kabati, imekunjwa ndani ya shuka la bluu. Niliitengeneza kwa viroba vitupu vya mbolea, nikavipasua, nikavigeuza ndani nje, nikavishona pamoja. Safu tatu: Marko, Mathayo, Luka. Uzi mwekundu ni maneno waliyonayo wote watatu. Uzi wa kijani ni yale ya Mathayo na Luka tu, ambayo Marko hana, na wataalamu wanadhani yalitoka kwenye andiko moja la zamani lililopotea. Msiisafishe chati kwa sabuni ya unga, rangi itatoka. Panya walishakula sehemu ya Luka upande wa chini, mfano wa tajiri na Lazaro umebaki tajiri peke yake.

Nadharia nilizigawa mafungu matatu, na nawashauri msiongeze la nne kabla ya mtihani. Fungu la kwanza wanasema mambo yalikuwa kama yalivyoandikwa. La pili wanasema alikuwepo mhubiri wa Kiyahudi wa Galilaya, akabatizwa na Yohane, akauawa na Warumi, na mengine yakakua jinsi waliompenda walivyoendelea kusimulia. La tatu, ambao ni wachache lakini wana sauti kubwa, wanasema hakuwepo mtu kabisa, kwamba hadithi iliungwa kutoka kwenye maandiko ya kale na miungu ya Misri na ya Ugiriki. Niliyafundisha yote matatu. Wapo walimu wenzangu walionisengenya kuwa nawafundisha watoto ukafiri. Niliwasikia, na chai yao nikainywa.

Kanuni moja ya kupima ushahidi niliipenda kuliko zote, nayo ni hii: mtu akimsimulia ampendaye humpamba, kwa hiyo tafuta lile ambalo msimuliaji angetamani kulificha. Hilo ndilo hakulitunga. Nani angetunga kwamba masihi wake alikwenda kubatizwa na mtu mwingine, tena ubatizo wa toba? Nani angetunga kwamba alitundikwa kama mhalifu? Wanafunzi huielewa kanuni hiyo upesi kwa sababu wote wamehudhuria misiba na kusikia wasifu wa marehemu ukisomwa.

Kuna jambo lazima nilikiri hapa. Katika jaribio moja la miaka yangu ya mwanzo niliuliza: Yakobo, ambaye Paulo anasema alionana naye Yerusalemu na kumwita ndugu wa Bwana, alikuwa nani? Kijana mmoja akajibu kwamba Yakobo alikuwa kiongozi wa chama. Jamani, nilicheka hadi wenzangu wakaja kuangalia. Lakini mtoto alikuwa na sababu. Alikulia zama ambazo kila mwenye wadhifa aliitwa Ndugu: Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Yeye aliona Ndugu Yakobo, akaona mkutano wa hadhara. Nilimpa sifuri. Miaka mingi baadaye nikakuta wasomi wa fungu la tatu wanasema karibu hivyo hivyo: kwamba "ndugu wa Bwana" lilikuwa jina la heshima la kundi la waumini, si undugu wa damu, na kwa hiyo Yakobo hawezi kuwa ushahidi kwamba Yesu aliishi. Kijana wangu aliwapata bila kusoma hata ukurasa mmoja wao. Kama yuko hai na anasoma haya, nampa alama mbili kati ya tano na namwomba radhi.

Sasa Gaudensia. Alikuja kidato cha tano akitokea kijiji kimoja nje ya mji, binti mwembamba, mwandiko mzuri, mkaidi. Fomu yake ilisema baba ni Ponsiano, katekista wa kigango, yaani mwalimu wa dini anayeongoza sala kwenye kanisa dogo la kijiji. Alituambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba mzee Ponsiano ni baba yake mkubwa. Mama yake mzazi alifariki siku ya kumzaa, na baba yake mzazi, Severini, mdogo wake Ponsiano, akafariki yeye akiwa hajaanza kutembea. Alilelewa na Ponsiano, akamwita Baba, na kwetu hilo halina maelezo zaidi.

Likizo ya kwanza alikaa kwa shangazi yake mjini, akashika simu ya shangazi mwezi mzima akisoma mtandaoni. Alirudi na daftari limejaa. "Madam," akasema, "hakuna hata mmoja aliyemwona Yesu akaandika. Yule Myahudi mwandishi wa historia aliyewatumikia Warumi, maneno yake yameguswa na Wakristo. Yule Mrumi aliandika miaka mingi baadaye, labda alisikia kwa Wakristo wenyewe. Nani kamwambia nani?"

Nilifurahi mno. Mwalimu husubiri mwanafunzi wa namna hiyo kama anavyosubiri mvua za kwanza. Tulibishana mihula mitatu, na sikuwahi kumkalisha chini. Kosa langu ni kwamba nilijua anachosema darasani, sikujua anachofanya akitoka. Nilidhani ni hoja. Kwake zilikuwa zimeshakuwa maisha. Alikuwa ameacha kusali, na mimi, mwanamke wa Kanisa, sikugundua, kwa sababu nilikuwa nahesabu hoja zake nikiona raha.

Ilipofika Ijumaa Kuu ya kidato cha sita, alipewa ruhusa kwenda nyumbani. Kigangoni waumini walipanga mstari kwenda kuubusu msalaba, na aliyeushika msalaba alikuwa baba yake. Gaudensia alifika mbele, akasimama, hakuinama. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kigango ni kidogo: "Baba, huyu mtu hakuwepo." Akatoka nje, akarudi shuleni.

Wiki ileile ya Pasaka, mzee Ponsiano alikuja shuleni kwa bodaboda. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu mtihani wa mwisho uanze. Alipita bwenini kwanza na matroni, akatoa sanduku la bati la binti yake, likafungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Kisha akaja ofisini kwa mkuu wa shule kutaarifu kwamba mtoto haendelei, nasi tukaitwa, mimi na Gaudensia. Mkuu alitusikiliza dakika tano halafu akaitwa nje. Wakuu wa shule huitwa nje sana nyakati kama hizo. Tukabaki watatu.

"Tumsifu Yesu Kristo," mzee akasema.

"Milele na milele, amina," nikaitikia.

"Shikamoo, Baba," akasema Gaudensia.

Mzee hakuitika marahaba. Alinigeukia mimi. "Madam, mimi nilikuletea mtoto anayesali. Nirudishie yule."

Niliona aibu, na pia niliogopa. Msichana ana akili ile, wiki zimebaki za kuhesabu, na anakwenda kukaa kijijini kwa sababu ya somo langu. Nikasema kama ugomvi umeanzia kwenye hoja, basi tuumalize kwa hoja. Nikamwambia Gaudensia amweleze baba yake vizuri, kwa heshima, anachokisema.

"Paulo ndiye wa kwanza kuandika, Baba, na Paulo hakuishi na Yesu. Shahidi wake mkubwa ni Yakobo, ndugu wa Bwana. Lakini ndugu ni jina la heshima tu. Wewe mwenyewe kila Jumapili unasema ndugu zangu wapendwa, na wale si watoto wa bibi aliyekuzaa."

"Hapo umesema kweli," mzee akajibu upesi. "Yesu hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Kanisa limetufundisha hivyo."

Mama wee! Wakatazamana, maana walikuwa wamekubaliana. Yeye anayelinda ubikira wa Mama Maria na yule asiyeamini chochote walikuwa wamemtoa Yakobo kwenye ukoo kwa mkono mmoja. Nami nikawa katikati. Nikisema Yakobo ni wa tumbo moja, namkosea katekista na Kanisa langu. Nikisema ni jina la heshima, nampoteza shahidi.

"Mzee Katekista," nikasema, "nisaidie Kingoni. Mtoto wa baba yako mdogo unamwitaje?"

"Mlongo wangu."

"Ndugu yako, basi. Humwiti binamu?"

"Binamu ni maneno ya redio."

"Haya. Gaudensia, sikiliza. Paulo anasema alikaa na Kefa, yaani Petro, na mwingine aliyemwona ni Yakobo. Anawataja pamoja, pumzi moja. Petro ndiye mkubwa wao, lakini haitwi ndugu wa Bwana. Anayeitwa ni Yakobo. Kama ni heshima ya waumini wote, Petro ameikosaje? Basi hiyo ni ya ukoo. Ya tumbo moja au ya baba mdogo, hilo mtagombana nalo nyumbani. Ila mtu asiyekuwepo hana mtoto wa baba mdogo."

Gaudensia ni mtu mkweli hata akishindwa. "Sawa, Madam. Hilo nimelikubali. Alikuwepo mtu."

Nilijiona nimeshinda. Nilianza hata kufikiria namna nitakavyosimulia ofisini.

"Mtu?" mzee akauliza.

"Mtu, Baba. Hayo mengine siwezi kusema nayajua."

"Sali Nasadiki hapa, mbele ya Madam, useme unaamini yote. Ukimaliza, sanduku linarudi bwenini, na mimi narudi nyumbani."

"Siwezi, Baba. Nitakuwa nakudanganya."

"Basi twende."

Akasimama. Nikasema maneno mengi ambayo sikumbuki: mtihani, maisha yake, subira. Hakunisikia. Alifika mlangoni, akashika kitasa, halafu akageuka, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya hasira tena.

"Wewe unataka karatasi. Baba yako Severini ana karatasi gani? Picha hana. Kitabu cha ubatizo cha kigango cha zamani kimeliwa na mchwa. Cheti chako kina jina langu mimi. Kaburi lake hujaliona. Huyo mtu umemjua kwa mdomo wangu tu, mimi ndugu yake, tangu ukiwa mdogo. Hujawahi kuniambia hakuwepo. Kwa nini yeye unamwamini?"

Gaudensia alilia papo hapo, bila kujifunika uso. Lakini hakunyamaza.

"Kwa mdomo wako, Baba, kila siku ni mtu mwema. Mtu wa sala. Mtu wa kuamka mapema. Kila mwaka anazidi kuwa mwema. Madam ametufundisha kwamba la kuaminika ni lile ambalo msimuliaji angetamani kulificha." Akapangusa pua kwa mkono. "La baba yangu unalo? Hata moja?"

Nilitaka kuingilia kati. Mtoto hamsemeshi mzazi hivyo, na kanuni ile niliwapa kwa ajili ya mtihani, si kwa ajili ya kumchoma mzee wa watu. Lakini mzee alikuwa amerudi, ameketi, kofia imeanguka sakafuni na hajaiokota.

"Hakuwa mtu wa sala," akasema.

Akaendelea mwenyewe, akiitazama kofia pale chini.

"Aliacha kusali kabla hujazaliwa. Siku moja alisimama kigangoni nikiwa nasoma, akasema, kaka, unatuhubiria usiyoyajua. Mbele ya watu wote. Nikamwambia kuanzia leo sikujui. Mama yako alipofariki akakuleta kwangu, akakuweka mikononi mwa mke wangu, mimi nikiwa ndani. Sikutoka. Akaenda Tunduru kuchimba mawe ya vito. Akaugua huko. Akatuma mtu aje aniambie, kaka njoo. Basi la kwenda huko lilikuwepo, mwanangu. Lilikuwa linapita kila asubuhi. Nikasema kwanza atubu." Akaibana mikono yake kati ya magoti. "Waislamu wa kule ndio walimwogesha na kumzika. Walinitumia shati lake. Nililichoma ili mke wangu asiniulize. Ndipo nikaanza kukwambia alikuwa mtu wa sala."

Katika miaka yote ya kufundisha ushahidi, huo ndio ushahidi niliousikia kwa masikio yangu, na nilitamani ningekuwa mahali pengine. Nje tulisikia kengele ya kipindi cha saba, viti vikiburutwa. Gaudensia alikuwa ameacha kulia. Alimsogelea baba yake, akapiga magoti kando ya kiti, kama watoto wetu wanavyofanya wakiongea na mkubwa.

"Alipokuwa anaumwa kule, alisema nini juu yangu?"

Nikamwona mzee anatafuta. Niwaambie, hata mimi moyoni nilimwomba aseme kitu, chochote, neno moja zuri, nani angemlaumu? Miaka kumi na minane alikuwa anatunga, asingeshindwa na moja zaidi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sikwenda."

Gaudensia akaweka kichwa chake kwenye goti la baba yake. Akasema polepole, "Huyo naamini alikuwepo." Mzee akaweka mkono juu ya kichwa cha binti, kwanza vidole kwa woga, halafu kiganja chote, na akalia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kujali kwamba dirisha liko wazi.

Nikaokota kofia, nikaiweka mezani, nikatoka nikawaachia ofisi. Nilisimama kivulini karibu na pikipiki nisijue la kufanya na mikono yangu. Dereva, kijana aliyekuwa amelalia usukani, akaniuliza kama safari ipo. Nikamwambia sijui. Tukakaa vile robo saa nzima.

Walipotoka, walitoka pamoja. Macho mekundu wote wawili. Hakuna aliyekuwa amesali Nasadiki, hilo ninaweza kuwahakikishia, na mpaka leo sijamuuliza Gaudensia anaamini nini, wala ninyi msimuulize. Mzee Ponsiano alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akaanza kufungua mipira ya sanduku kwa vidole vyake mwenyewe.

"Vipi, mzee?" dereva akauliza. "Si ulisema tunaondoka na mwanafunzi?"

"Teremsha, kijana," mzee akasema. "Huyu anabaki."